Hakuna Kilichoota

Saa moja na nusu asubuhi Pua alikuwa ameshavaa koti jeupe, ameshafunga nywele, na ameshagombana na mlango wa kabati la joto, ambao haufungi bila kipande cha kadibodi. Alitoa sahani za majaribio moja moja akazipanga mezani chini ya dirisha. Ni sahani ndogo za plastiki, ukubwa wa kiganja, zenye mifuniko, na ndani yake kuna chakula cha vidudu: mchuzi ulioganda uliochanganywa na damu, mwekundu wa kuiva. Ukipaka usaha wa mgonjwa juu yake na kuuacha kwenye joto siku mbili, vidudu waliomo huota vidoa, na hapo unajua mgonjwa kashikwa na nani.

Ya kwanza, mkojo wa mjamzito. Vidoa tele. Akaandika jina la kidudu. Ya pili, kidonda cha mguu. Vidoa vya rangi ya dhahabu. Akaandika. Ya tatu ilikuwa ya kitanda cha sita, wodi ya wanawake, usaha wa taya. Aliinua juu kwenye mwanga akaigeuza. Ilikuwa safi kama siku ilipomiminwa.

Akainua mfuniko kidogo, akaisogeza puani.

Chuoni walikatazwa kunusa sahani. Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa kazini na ananusa kila siku, ndiyo maana hospitali nzima ilimwita Pua, kuanzia mfagizi hadi daktari. Jina lake halisi lilibaki kwenye karatasi ya mshahara.

Harufu ilikuwepo. Jino bovu, na maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chupa. Sahani safi, isiyo na kidoa hata kimoja, na inanuka kama mdomo wa mtu.

Kitanda cha sita alikuwa wifi yake.

Alifunga mfuniko, akaisukuma pembeni. Alijua ni nini. Kuna ukoo wa bakteria wanaoitwa Veilonela, wanaoishi mdomoni na matumboni mwa kila mtu, ambao hawapatani na hewa. Mwalimu wao wa chuo alikuwa akiwaita wapangaji wa vyumba vya nyuma. Hawapiki. Wanakula mabaki ya jirani, asidi ambayo bakteria wengine wameshaimwaga, na ukiwaacha kwenye giza lao hawakusumbui maisha yako yote. Ila fizi ikitoboka, wakaingia nyama za ndani pamoja na wenzao wa tabia hiyohiyo, wanahamia. Na ukitaka kuwaona kwenye sahani, lazima uwafungie kwenye mtungi usio na hewa kabisa. Hewa ikiwapata, wanakufa kabla hujawahesabu.

Mtungi rasmi ulikuwepo, juu ya kabati, unashika vumbi. Unatumiwa na pakiti maalumu inayokula hewa yote ya ndani. Pakiti ya mwisho ilifunguliwa miezi minne iliyopita.

Pua alikuwa ameomba nyingine mara tatu. Jibu la mara ya tatu lilikuwa limebandikwa ukutani kwa gundi, yeye mwenyewe alilibandika kwa hasira: *Kwa kuwa maabara yenu haijaripoti kidudu hata mmoja wa aina hii kwa miezi mitatu mfululizo, hitaji la pakiti halijathibitishwa.*

Hakuna pakiti, hawaoti. Hawaoti, hawaripotiwi. Hawaripotiwi, hakuna pakiti. Mtu alikaa kwenye kiti, akaandika hayo, akaweka muhuri, akaenda kunywa chai.

Lakini safari hii Pua hakungoja. Siku tatu zilizopita, usaha ulipoletwa, alipaka sahani mbili. Moja aliiweka kwenye kabati kama kawaida. Ya pili aliifungia kwenye mtungi wa kioo aliotoka nao nyumbani, mtungi wa biskuti wa watoto wake, wenye mpira shingoni na kibano cha chuma. Ndani yake aliweka waya laini wa kusugulia sufuria, uliochovywa kwenye maji ya mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba, na matone ya asidi. Waya ule ukianza kushika kutu unavuta hewa yote iliyo karibu nao. Ni njia ya zamani, mwalimu wao aliwaonyesha siku moja tu, tena kwa kucheka, akisema, "Hii ni ya siku ambayo serikali imewasahau." Waya wenyewe umepanda bei mara mbili tangu mwaka uanze, na watoto wamemuuliza mara kumi mtungi wa biskuti umekwenda wapi.

Siku tatu zimetimia leo. Mtungi ulikuwa chini ya sinki, umefunikwa taulo.

Kilichobaki ni taa. Veilonela akikua vizuri bila hewa, ukimmulika kwa taa ya zambarau anawaka mwekundu. Maabara haina taa hiyo. Keshia wa dirisha la malipo anayo, ya kukagulia noti bandia.

"Nipe taa yako dakika kumi," Pua alimwambia.

"Ya noti? Mnachapisha pesa huko nyuma?"

"Ningekuwa nachapisha ungeniona na viatu hivi?"

Keshia alichungulia viatu kupitia tundu la kioo, akaridhika. "Haya. Lakini ikirudi na usaha nakushtaki kwa Mkuu."

"Mkuu mwenyewe namwita sasa hivi aje kuiona."

Mkuu wa maabara alikuwa kwenye korido, simu sikioni, tai imebana shingo. Siku hiyo wakaguzi wa usafi walikuwa wanakuja saa nne na tangu asubuhi alikuwa akizunguka na kitambaa akifuta vitasa vya milango. Pua alimwonyesha taa. Mkuu akainua kidole: dakika moja.

Pua aliingia, akavuta pazia, akaweka mtungi mezani. Hapo alifanya kosa. Alijua kabisa hapaswi kufungua kabla shahidi hajakaa pembeni yake. Lakini alisikia Mkuu akisema kwenye simu, "Haya, sawa, nakuja," akadhani ndiyo anaingia. Akabana pumzi, akafyatua kibano.

Harufu ilitoka kwanza, nzito, karibu imsukume nyuma. Akafungua sahani, akawasha taa.

Vilikuwa vinawaka.

Hakuwahi kuviona kwa macho yake, alivisoma tu. Vidoa vidogo kuliko punje ya sukari, mamia, vyekundu vya makaa ya moto yaliyofunikwa jivu. Chumba kizima kilikuwa giza la zambarau, na mbele yake mji mdogo wenye taa nyekundu, watu wamo ndani na hakuna sauti. Alijikuta amejiziba mdomo kwa kiganja. Hakujua kama anazuia hewa yake isiwafikie wao, au anazuia wao wasimwingie. Kisha akakumbuka kwamba wameshaingia. Wako kwake tangu alipokuwa mtoto asiye na meno.

"Mkuu!" aliita.

"Dakika moja, mama!"

Vidoa vya ukingoni vilikuwa vimeanza kufifia. Aliangalia saa. Kitabu kilisema dakika tano, wakati mwingine kumi, kisha hewa inauzima ule wekundu. Aliita tena. Huko nje Mkuu alikuwa anamweleza mtu kwamba ndoo za taka zina mifuniko yote, ndiyo, yote. Pua alitazama mji wake ukizimwa mtaa kwa mtaa, kuanzia pembeni kwenda katikati, kama kuna mtu anapita nyumba hadi nyumba akibonyeza swichi.

Mkuu alipoingia, ilikuwa dakika ya kumi na mbili.

"Iko wapi?"

"Ilikuwa inawaka. Ikiguswa na hewa inazimika. Ndiyo tabia yao, kwa hiyo ndio wao."

"Yaani ushahidi wako ni kwamba hakuna ushahidi?"

"Vidoa vipo. Chukua lenzi utazame."

Alitazama. "Naona vumbi."

"Basi weka jicho kwenye hadubini. Nimeshapaka rangi wakati nakungoja."

Akaweka jicho. Alikuwa mtu wa maabara kabla ya kuwa mtu wa mikutano, na kwa muda mfupi mabega yake yalikumbuka kazi. "Vidoti," alisema. "Vya waridi. Viwili viwili."

"Viwili viwili, vidogo kupita kiasi. Unavijua."

"Ninachojua ni kwamba vidoti havina jina. Mfumo unataka jina, na jina linatoka kwenye mtungi ulioidhinishwa." Aligonga mtungi wa biskuti kwa ukucha. "Huu umeidhinishwa na nani?"

"Na kutu."

Mkuu alicheka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Pua zaidi kwake. Aliinama juu ya sahani akitafuta tena, mdomo wazi kwa kicheko, taa ya zambarau ikimmulika kutoka chini. Meno yake yalionekana ya bluu. Na pale jino linapokutana na fizi, safu nzima ya chini, palikuwa na mstari mwekundu unaowaka, mwembamba, kama uzi wa makaa.

"Mimi sioni kitu," alisema, na mstari ule ukasogea pamoja na maneno.

Pua alikodolea macho mdomo wake.

"Nini? Mbona unaniangalia hivyo?"

"Umekula nini asubuhi?"

"Chai tu. Kwa nini?"

"Basi tu."

Mkuu alifunga mdomo, akajipapasa midomo kwa kidole, akazima taa mwenyewe. "Mama, najua ni wifi yako. Lakini leo nina wageni. Toa huo mtungi hapa, unanuka. Na ingiza jibu la kitanda cha sita, limechelewa."

Kwenye mfumo, chini ya usaha wa taya, kulikuwa na visanduku viwili. *Kimeota: chagua jina.* Na *Hakuna kilichoota.* Kisanduku cha tatu, cha mtu wa kusema kwamba kimeota nimekiona kwa macho yangu lakini hamjanipa cha kukikuzia, hakikuwepo. Alibonyeza jina la Veilonela. Mfumo ukadai namba ya pakiti. Akajaribu kuruka. Ukadai tena, kwa herufi nyekundu. Akabonyeza kisanduku cha pili, na mashine ikakubali papo hapo, ikachapa, na karatasi ikatoka ikiwa bado ina joto.

Angeweza kupaka sahani nyingine, kufunga mtungi, na kumkalisha Mkuu kando yake safari hii. Siku tatu. Wifi hakuwa na siku tatu.

Aliifahamu hesabu hiyo kwa sababu daktari alikuwa akiichora shingoni kwa mgonjwa. Wifi alikuwa fundi cherehani, wa sare za shule, na maisha yake yote alishika pini kwa meno, sita saba kwa mpigo, akiongea huku zimo. Wiki mbili zilizopita pini moja ilimchoma fizi kando ya jino bovu. Akasukutua maji ya chumvi, akaendelea na sare, maana shule zilikuwa zinafungua. Alipoletwa hospitali taya lilikuwa kama kafunga ndizi chini ya kidevu. Kila asubuhi daktari alichora kwa kalamu ya wino mahali uvimbe ulipoishia. Mstari wa kwanza chini ya taya. Wa pili katikati ya shingo. Wa tatu vidole viwili juu ya mfupa wa bega.

Pua alipofika wodini na karatasi yake, uvimbe ulikuwa umeshavuka wa tatu.

Wifi alikuwa ameketi, mito mitatu mgongoni, maana akilala anakabwa. Taya halikufunguka hata kwa upana wa pini. Lakini maneno yalitoka hivyohivyo kati ya meno, midomo haichezi, kwa ufundi uleule wa miaka yote. Wagonjwa wa vitanda jirani hawakuizoea sauti hiyo. Wa kitanda cha tano alikuwa amegeukia ukuta. Alimwambia sista kwamba anasikia mtu anaongea ndani ya mtu.

"Wifi," sauti ilisema. "Wamesemaje hao wadudu wako?"

"Wamegoma kusema."

"Basi wametoka ukoo wetu. Kama kaka yangu ukimuuliza mshahara."

Pua alicheka, kisha akajifuta macho kwa mkono wa koti. Kwa miaka kumi na minne ya ndoa, huyu mtu alimtoa jasho kwa mdomo wake: mchuzi wako maji, mapazia yako mafupi, watoto wako wamekonda. Hospitali hii pia alikuja akimsema, kwamba amechelewa kumpeleka kwa daktari kwa sababu ya uchoyo wa muda. Sasa kila neno lilitoka na mlio mwembamba wa filimbi, kwa sababu njia ya hewa ilikuwa inabanwa. Ajabu ya mambo, Pua aliwaza, wao wanakufa kwa hewa na yeye anakufa kwa kuikosa.

"Usilie," wifi alisema. "Ukilia unakuwa mbaya, na kaka yangu nilishamwonya."

Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo mwenye macho ya mtu asiyelala. Alisoma karatasi, akaikunja mara mbili. Akamvuta Pua hadi dirishani.

"Hakuna kilichoota," alisema.

"Kimeota. Nimekiona."

"Najua, mama. Ananuka. Hata mimi nina pua." Aliongea kwa sauti ya chini. "Dawa ninayompa imeua wengine wote, imewaachia hao uwanja. Anahitaji metro, ya dripu. Iko hapo famasi, boksi kwa boksi. Lakini mwongozo mpya unasema dawa haitoki bila jina la kidudu kutoka maabara. Nimeandika jana mara tatu, mfumo umefunga mara tatu. Daktari bingwa ndiye mwenye neno la siri la kuufungua, na bingwa anakuja Alhamisi."

"Leo Jumatatu."

"Leo Jumatatu."

"Umempigia?"

"Nimempigia. Anasema tufuate mwongozo."

"Vidonge nitanunua nje. Viko kila duka."

"Atavimeza vipi? Maji tu yanamrudia puani. Na ya dripu maduka ya nje hayana." Daktari alitazama kitanda cha sita. "Uvimbe ukishuka kifuani, sina la kufanya. Huo ndio ukweli."

Pua alikuwa anauunga mkono mwongozo huo. Alikuwa amehudhuria semina yake, akapewa kalamu na chupa ya maji, akapiga makofi. Watu wanakunywa dawa kama karanga, lazima mtu aseme basi. Hakuwa amefikiria kwamba siku moja mwongozo utamtazama usoni na kumwuliza jina, naye analijua jina, na haruhusiwi kulitaja.

"Metro inatoka kwa majina gani?" aliuliza.

"Ya hao wenu wasiopenda hewa, ambayo hamjaandika hata moja tangu mwongozo uanze." Daktari alisita. "Na amiba."

"Amiba wa choo?"

"Amiba wa choo."

Walitazamana. Chini ya dirisha wakaguzi wa usafi walikuwa wakipita na Mkuu, wakifungua na kufunga mifuniko ya ndoo.

"Sijasema kitu, mama," daktari alisema.

"Na mimi sijasikia."

Maabara ilikuwa tupu. Pua alikaa mbele ya mashine, mikono mapajani. Miaka kumi na tisa hakuwahi kuandika jibu la uongo. Aliwahi kukataa rushwa ya mtu aliyetaka cheti cha afya, akakataa ya mwingine aliyetaka ujauzito wa mkewe usionekane. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake, hana nyingine.

Akavuta daftari la zamani, lile ambalo bado analijaza kwa mkono kwa sababu mashine hulala umeme ukikatika. Alitaka tu kuona tarehe ya pakiti ya mwisho. Aliipata, akaendelea kufunua. Usaha wa kifua, fundi wa kuchomea vyuma: hakuna kilichoota. Usaha wa taya, mwalimu wa kike: hakuna kilichoota. Usaha wa ubongo, mtoto wa shule: hakuna kilichoota. Mwandiko wake mwenyewe, mzuri, ulionyooka, ukurasa baada ya ukurasa. Kando ya kila mmoja, kwa penseli, alikuwa ameweka alama ndogo ya vema, alama yake ya siri ya miaka yote, inayomaanisha *inanuka.*

Alihesabu alama hizo. Ishirini na tatu.

Mwalimu wa kike alikuwa kitanda cha sita. Kitanda hichohicho. Pua alikumbuka shuka likikung'utwa.

Basi ameshaandika uongo. Ameuandika mara ishirini na tatu, kwa wino, na hakuna aliyemuuliza. Chumba kilikuwa kimya mno. Kutoka chini ya sinki, kwenye mtungi ulio wazi, harufu ilikuwa bado inapanda, na ilimjia kwamba si harufu ya wifi peke yake. Wote ishirini na tatu walinuka hivyohivyo. Ni mdomo mmoja, umefunguliwa mahali fulani humu ndani ya jengo, na kila mara unapotaka kusema wanauandikia kwamba haupo.

Alisimama, akachukua kikopo cha choo kutoka kwenye rundo. Vikopo vilikuwepo, vingi, havijawahi kuisha. Akabandika juu yake lebo yenye namba ya kitanda cha sita, akakifunga kikiwa kitupu, kikiwa kisafi, maana mfumo ungetaka namba ya lebo. Kisha akabonyeza. *Choo. Amiba: wameonekana.*

Mashine haikudai kitu. Iliwaza kidogo, ikaleta maandishi ya kijani: *Asante kwa taarifa. Wagonjwa wa amiba wameongezeka. Je, ungependa kuagiza vikopo zaidi?*

Pua aliyatazama maandishi hayo mpaka macho yakamwuma. Akabonyeza Ndiyo, maana bila kubonyeza haikuwa inachapa.

Mkuu alipita kukusanya majibu ya kusaini, mkaguzi mmoja akimngoja mlangoni. Alisaini rundo zima amesimama. Usaha wa kitanda cha sita, hakuna kilichoota. Choo cha kitanda cha sita, amiba. Kalamu haikusita. "Umeona?" alimwambia. "Ukiingiza kwa wakati hakuna matatizo." Alifumba mdomo upesi alipomaliza kusema. Tangu asubuhi alikuwa akiongea hivyo, midomo ikiwa karibu kugusana.

Famasi, mfamasia alisoma karatasi akiwa ameinua miwani hadi kwenye paji la uso.

"Amiba. Kitanda cha sita si yule wa taya?"

"Ndiye."

"Amiba wamepanda ngazi?"

"Lifti imeharibika. Ingekuwa nzima wangefika jana."

Mfamasia hakucheka. Alimtazama, akatazama karatasi, akatazama skrini yake, ambako mstari wa kitanda cha sita ulikuwa umegeuka kutoka nyekundu kuwa kijani. "Huyu mama hajala siku nne," alisema taratibu. "Choo ametoa wapi?"

"Kompyuta imesema nini?"

"Imesema nitoe."

"Basi."

Mfamasia aligonga muhuri kwenye karatasi. Kisha akainuka, akarudi na chupa tisa ndogo, akazipanga kwenye trei moja moja. "Za siku tatu. Zikiisha, inataka jibu jipya." Akasukuma trei. "Shemeji yangu alikuwa fundi wa kuchomea vyuma," alisema, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Wodi ya wanaume, mwezi wa pili. Kifua."

Pua alishika trei kwa mikono yote miwili. Mfamasia alikuwa ameshashusha miwani na kumwita mtu aliyefuata.

Sista alitundika chupa ya kwanza saa saba na dakika ishirini. Daktari alichora mstari wa nne, juu kidogo tu ya mfupa wa bega, akaandika saa kando yake kwa wino huohuo. Hakuna aliyeahidi kitu. Wifi alifuatilia matone yakishuka, kisha akamwashiria Pua aoneshe faili. Alisoma. Alisoma tena.

"Mimi?" sauti ilitoka kati ya meno. "Mimi nina amiba?"

"Usipige kelele."

"Mimi ninayeosha mboga mara tatu? Wakati wewe jikoni kwako..."

"Wifi, hewa. Tunza hewa."

"Nikipona," wifi alisema, filimbi ikilia katikati ya kila neno, "mtaa mzima utajua nani kaniambukiza."

"Pona kwanza uniseme."

Wifi alifumba macho. Mkono wake ulitafuta wa Pua juu ya shuka, ukaufinya kwa nguvu za mtu anayevuta uzi mgumu, ukabaki hapo. Kitanda cha tano aligeuka kutoka ukutani, akachungulia chupa, akageuka tena.

Sista alikuwa amesimama nyuma yao. Alikuwa mwanamke mnene, mtu wa kazi, asiyependa maneno. Alikuwa ameiona karatasi ya choo, na anajua kila beseni la wodi hiyo limebeba nini na halikubeba nini.

"Pua," alisema. "Yule wa kitanda cha tisa, wa jipu la tumbo."

"Jibu lake nimeingiza Ijumaa. Hakuna kilichoota."

"Najua ulichoingiza. Nakwambia njoo umnuse."

Pua alikwenda. Hakuhitaji kuinama. Alisimama miguuni pa kitanda, akavuta pumzi mara moja, na yule mwanamke aliyelala akamtazama kwa macho ya mtu anayengoja aambiwe anachokijua.

"Ndiyo," Pua alisema.

"Ndiyo nini, dada?" mgonjwa aliuliza.

"Narudi sasa hivi."

Kwenye korido wakaguzi walikuwa wakimpa Mkuu cheti kwenye fremu, na mtu anawapiga picha. Pua aliwapita kwa nyuma. Maabara, alifungua dirisha kidogo, akaosha mtungi wa biskuti kwa sabuni na maji ya moto mara mbili, akaukausha, akauweka kwenye mfuko wake kuurudisha nyumbani. Kisha akachukua kikopo kingine kutoka kwenye rundo, kitupu, kisafi, akakishika kwenye mwanga kwa mazoea, na akabandika juu yake namba ya kitanda cha tisa.